Mzee wa Picha za Mifupa

Kila kitu alikishika pembeni. Sahani ya ugali, barua kutoka kwao, kadi ya mgonjwa, hata kitabu cha nyimbo kanisani, vyote alivishika kwenye kingo kwa ncha za vidole, kana kwamba katikati palikuwa na moto. Wageni walidhani ana maringo. Sisi tuliofanya naye kazi tulijua ni mazoea ya filamu. Filamu ya eksirei ikiguswa katikati, alama ya kidole hubaki, na daktari anaweza kuidhania doa la mapafu akamnywesha mtu dawa za kifua kikuu kwa sababu ya kidole cha mtu mwingine. Aliniambia hayo wiki yangu ya kwanza, nilipompokonya picha mbichi mkononi kama napokea khanga dukani. Hakunigombeza. Alinitazama tu mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Tulimwita Mzee wa Picha. Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, upande wa Bukombe. Mashine ya eksirei ilikuwa moja, na mtu wa kuiendesha alikuwa mmoja, ndiye yeye. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake. Tulifanya kazi chini ya paa moja miaka mingi, na miaka ya mwisho sikumsemesha hata salamu. Kwa nini, nitasema. Lakini nikianza na hilo nitamwonea, na mtu yule nimekwisha kumwonea vya kutosha.

Mezani kwake palikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga. Kopo hilo ndilo lililotawala chumba kile. Hakuna aliyelala kwenye meza ya eksirei kabla hajatia humo kila chuma alicho nacho mwilini: hereni, bangili, rozari, pini, vibanio vya nywele, hirizi iliyofungiwa bati. "Chuma hakina adabu," alikuwa akisema. "Humtangulia mwenyewe kwenye picha." Aliwakagua masikio hata watoto wachanga wa kiume.

Siku moja aliletwa mganga mashuhuri aliyevunjika mkono kwa kuanguka na baiskeli. Alikuwa na bangili za shaba kutoka kifundo hadi kiwiko, na akakataa katakata kuzivua. Alisema wazee wake waliokufa wamo ndani ya bangili hizo na watakasirika.

"Sawa, mzee mwenzangu," Mzee wa Picha akamjibu, akamsogezea kopo. "Waambie wakusubiri humu. Hawatasubiri sana."

Mganga akacheka mpaka akasahau maumivu, akavua. Na padre naye, siku alipoumwa kifua, alikutwa na medali chini ya kanzu. Picha ilikuwa imekwisha kupigwa na ilisomeka vizuri, lakini Mzee wa Picha hakuitaka. "Padre, hata Bikira Maria akae kwenye kopo kidogo," alisema, akaipiga upya. Madaktari wa hospitali nyingine waliopelekewa wagonjwa wetu walizijua picha zake kwa usafi huo. Kwa miaka mingi sikuwahi kuona hata pini moja kwenye picha yake.

Alikuwa bahili wa filamu kupita kiasi. Daktari kijana akiandika picha ya mguu uliokwishapona, alirudishiwa karatasi yake. "Filamu si karanga, daktari, hatutafuni kwa hamu." Vita vya Uganda vilipoisha na nchi ikakosa sukari, sabuni na kila kitu, alianza kuziweka filamu zake chini ya kitanda chake nyumbani, Sista daktari akajifanya hajui. Lakini mchunga ng'ombe asiyekuwa na mtu, aliyepigwa pembe ya nyonga, alimpiga picha tatu bila karatasi ya mtu yeyote. Nilipomuuliza akasema mashine ilikuwa imekwisha kupata moto, ingekuwa hasara kuizima. Mashine ya eksirei haipati moto kama jiko. Alidhani sijui.

Majina ya watu hayakumkaa, lakini mfupa hakuusahau. Tulikuwa tunasubiri basi Ushirombo, mama mmoja akapita na ndoo kichwani. Mzee wa Picha akamsimamisha: "Wewe, mkono wa kushoto. Uliunga vizuri?" Yule mama akaduwaa. Ilikuwa imepita miaka mitano tangu avunjike. Akashusha ndoo, akaunyoosha mkono hadharani ili mzee aukague, na basi likatuacha.

Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha ya aina yoyote. Wodi mpya ilipofunguliwa tulipangwa tukiwa na sare zetu, askofu katikati, mpiga picha kutoka Kahama akiwa na kamera yake ya miguu mitatu. Mzee wa Picha alisimama nyuma ya nguzo. Kwenye picha ile, ambayo ninayo mpaka leo, ni vidole vyake tu vinaonekana, vimeshika ukingo wa nguzo. "Nimekwisha kuona picha za kutosha," ndiyo ilikuwa sababu yake.

Sababu ya kweli aliniambia siku moja tukinywa chai ya saa nne. Kabla ya kuja kwetu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, enzi za makampuni, akipiga vifua vya wachimbaji. "Mtu anaingia anacheka. Anakwambia, nipige upesi nikashike zamu. Unaitoa picha yake kwenye dawa, unakuta kifua kimejaa nukta kama mtama uliomwagika. Na yeye hana hata kikohozi. Anakuaga, anakwenda zake, wewe umebaki na kifo chake mkononi, kinachuruzika maji." Hapo ndipo ulipozaliwa msemo wake mkubwa: Picha hujua kabla ya mwenye mwili. Aliutamka bila furaha.

Mmoja wa wachimbaji wale alikuwa rafiki yake, naye akamweleza alichokiona. Yule mtu akaacha kula. Akafa upesi kuliko kifua chake kilivyotaka. Tangu hapo Mzee wa Picha aliapa kutosoma picha mbele ya mtu. "Kazi yangu kupiga. Kusoma ni kwa daktari." Ungeweza kumlilia, kumpigia magoti, kumletea kuku, angekujibu hayo hayo na kuku angekurudishia.

Ila kulikuwa na picha moja aliyopenda kuisimulia. Wakati wa machimbo alimsindikiza daktari wake hadi hospitali kubwa mjini, na huko akaona wanapiga picha ya ubongo wenyewe, si fuvu. Walimchoma mgonjwa sindano mgongoni, wakamtoa maji ya uti, wakamtia hewa mahali pake. Hewa ikapanda kichwani na kuuzunguka ubongo, na palipo na hewa filamu huwa nyeusi, basi ubongo ukajichora. Mgonjwa alikuwa mwalimu wa shule aliyeanza kusahau majina ya wanafunzi. Alilia kwa maumivu ya kichwa siku tatu. "Ubongo wake ulikuwa umesinyaa," alisema Mzee wa Picha, "kama karanga ya mwaka jana, ukiitikisa inagonga ganda. Daktari akasema, huyu miaka miwili tu, hatamjua mkewe. Na ndivyo ilivyokuwa. Mtu alikuwa bado anafundisha hesabu, na picha ilikwisha kujua."

Laiti nisingekisikia kisa hicho.

Mama yangu alikuwa kijijini kwetu, upande wa Samuye, akiishi na kaka yangu. Wakati watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, boma letu la zamani lilibaki porini, minyaa imeota hovyo na jiwe lake la kusagia limeachwa pale pale kwa sababu lori halikulibeba. Miaka michache baadaye mama alianza kurudi huko. Mwanzoni tulicheka. Alikuwa anatia chumvi kwenye mboga mara tatu, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, anauliza kama ng'ombe wamerudi wakati hatuna ng'ombe. Kisha akaanza kuondoka asubuhi bila kuaga, na kaka anamkuta kwenye mahame ya boma lile, amekaa mbele ya lile jiwe, anasaga hewa. Akirudi kijijini huingia nyumba yoyote akidhani ni yake, anachochea moto wa watu, anawabeba watoto wa watu.

Mtoto mmoja aliyebebwa naye aliugua homa akafa. Mama alikuwa na macho mekundu, kama kila mwanamke aliyepikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka maisha yake yote pasipokuwa na kuni. Mtu wa kwetu akisikia mwanamke mzee, macho mekundu, kutembeatembea na mtoto aliyekufa, huhitaji kummalizia habari. Kaka alikuja hospitalini mwenyewe, hakuandika barua. Alikaa kitandani kwangu akazungusha kofia mikononi.

"Dada, watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Unajua wanachosema. Kuna jirani ameacha kuitikia salamu yangu."

Nilimleta mama kwangu. Chumba changu kilikuwa cha wauguzi watatu. Kwa mwezi mmoja alipotea mara nne. Mara ya mwisho alikutwa kwenye barabara ya Kahama akiwaambia wenye lori kwamba anakwenda kusaga. Matroni alikuwa mtu mwema, lakini akaniambia wodi si ya kulaza wazee waliosahau, na chumba cha wauguzi si nyumba ya ukoo. Ilibidi mama arudi. Na kurudi hivi hivi ilikuwa kumpeleka kwa wenye mapanga wanaosaka wachawi.

Ndipo nikaenda kwa Mzee wa Picha. Nilitaka kitu cha kuonyesha. Maneno yangu kijijini yalikuwa maneno ya binti anayemtetea mama yake. Lakini karatasi ya hospitali, kitu cha kuona kwa macho, wangekiheshimu; hawa walikuwa watu walioamini sindano kuliko kidonge kwa sababu sindano inaonekana. Nilimwambia, mpige picha kichwani, nionyeshe ugonjwa, nikawaonyeshe.

Nilitegemea jibu la kila mtu. Badala yake akauliza, "Ana siku ngapi kabla hajarudi?"

"Jumatatu."

"Mlete kesho saa tatu."

Alimpokea mama kwa Kisukuma, taratibu. Mama akamwita kwa jina la kaka yake aliyefia kwenye mkonge Tanga, naye akaitikia. Alimvua kitambaa cha kichwa mwenyewe, akakikunja vizuri, akamlaza chali, akamwekea mto wa mchanga ili kichwa kisicheze. Akamsimulia habari za mvua na pamba muda wote ili asiogope. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikuwahi kumpenda mtu wa kazini kama nilivyompenda mzee yule asubuhi ile. Nilitoka nje ili mama asiyaone machozi yangu.

Baada ya saa moja alinijia na bahasha ya kaki. Akavunja kiapo chake. "Nimeuona," alisema. "Ubongo umesinyaa. Ni ugonjwa huu, si kitu kingine. Waambie mzee wa eksirei amesema. Waiinue juani waone."

Sikuitoa picha kwenye bahasha. Mafuvu nilikwisha kuyaona mamia, lakini la mama yangu sikuweza. Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili ni kwamba sisi wa hospitali tumezoea. Tumeona mifupa ya watu walio hai mpaka tunakula maandazi mbele yake. Haikunijia kabisa kufikiri mtu asiyewahi kuona picha kama ile angeona nini.

Mkutano ulifanyika kijijini asubuhi, mbele ya ghala la pamba, mwenyekiti wa kijiji na mabalozi wa nyumba kumi wakiwa kwenye benchi, watu wamekaa chini. Mama alikaa miguuni pangu, anachora mistari mavumbini. Nilieleza vizuri, naapa nilieleza vizuri: kuna ugonjwa wa uzee unaokausha ubongo, anayeugua hawezi kumdhuru mtu, na hospitali imempiga picha ya ndani ya kichwa, hii hapa. Nikampa kaka kwa sababu yeye ni mrefu. Kaka akaitoa kwenye bahasha, akaiinua juani.

Watu wakakinga macho, wakatazama juu. Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akanyanyuka nusu, akanyoosha kidole.

"Hereni zake hizo."

Hapo nami nikainua macho. Fuvu la mtu, tundu za macho, meno machache ya chini, na pembeni, nyeupe kuliko mfupa wowote, hereni mbili za shaba. Moja ilikuwa imepinda. Mimi ndiye niliyeipinda nikiwa mtoto mgongoni kwake, niliivuta mpaka sikio likatoka damu. Alikuwa akinitania nayo kila nilipokwenda nyumbani. Kijiji kizima kilizijua hereni zile. Wakatazama juu kwenye picha, wakatazama chini kwa mama, zinaning'inia masikioni mwake. Bila hereni lingekuwa fuvu la mtu yeyote, kitu cha hospitali. Pamoja na hereni lilikuwa la kwake.

"Huyu alikwisha kufa," alisema mtu nyuma. "Hicho kichwa ni cha maiti. Sasa anayetembea ni nini?"

"Litunga," akajibu mwingine, nalo ndilo neno letu la msukule, mtu ambaye wachawi wamekwisha kumchukua na kuliacha umbo lake linazunguka. Kina mama wakawavuta watoto wao. Mwenyekiti alipiga kelele kwamba hiyo ni sayansi, hiyo ni serikali. Hakuna aliyemsikia. Mtu akaipokonya picha na kuitupa chini, wakaikanyaga, kaka akaiokota. Mama aliniangalia akaniuliza kama ni arusi.

Nilirudi hospitalini, mama akabaki na kaka, nikaomba ruhusa nyingine ya kazi ili nikamchukue, hata kama ni kulala naye nje. Nilipewa baada ya wiki tatu. Wiki ya tatu hiyo hiyo walimkuta kwenye mahame, mchana kweupe, mbele ya jiwe lake. Sitaandika walivyomfanya. Mimi ni muuguzi, niliyaosha majeraha yale kwa mikono yangu, na nasema sitayaandika. Walikamatwa vijana wawili, wakakaa ndani siku chache, wakarudi. Kaka alihamia Geita na hakurudi tena Samuye mpaka alipokufa.

Nilirudi kazini na ile bahasha. Nilimwonyesha Sista daktari, nikamuuliza ubongo uliosinyaa uko wapi. Akaiweka kwenye sanduku la taa, akaitazama, kisha akanishika bega. "Picha ya namna hii haionyeshi ubongo," aliniambia. "Inaonyesha mfupa peke yake. Hakuna mtu awezaye kuona ugonjwa huo hapa."

Kwa hiyo aliniongopea. Ndivyo nilivyolibeba jambo hilo. Nilisema moyoni kwamba mzee yule alijitia udaktari, akataka kuonekana mjuzi, na ujuzi wake wa uongo ukamuua mama yangu. Alinijia mara tatu na pole zake. Mara ya kwanza niligeuza uso. Mara ya pili nilimwambia anyamaze. Mara ya tatu nilimmwagia maji ya kupigia deki miguuni, mbele ya wagonjwa, naye akasimama pale viatu vimelowa, akasema, "Sawa, mwanangu," akaenda zake. Sikumsemesha tena.

Kwa hiyo nilipoanza kusikia vituko vyake, nilivifurahia, na hili naliandika kwa aibu. Alipiga mguu wa kulia wa mtu aliyevunjika wa kushoto. Aliwapiga watu wawili kwenye filamu moja, tukaona mtoto ana mbavu za mzee. Alitanguliza dawa ya pili kabla ya ya kwanza, filamu zikatoka tupu kama vioo, yeye aliyekuwa anagombana na madaktari kwa filamu moja. Vijana walimcheka kwamba ameanza ulevi. Alikuwa hajawahi kuonja pombe. Nami nikawa nasema, malipo ni hapa hapa. Mwishowe alishikwa getini na funguo za chumba chake, anauliza eksirei imehamishiwa wapi. Wakamstaafisha kwa chai na soda, akaagwa vizuri. Sikwenda.

Miaka ikapita. Nilisikia anaishi na binti yake Mwakitolyo, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, binti amefungua banda la chakula. Nilikuwa naelekea Shinyanga kwa kazi ya chanjo, na nilikuwa na bahasha ile kwenye begi, kama ilivyokuwa kila nilikokwenda. Nikashuka Mwakitolyo. Nilitaka kumtupia usoni. Nilitaka aniambie kwa kinywa chake kwamba hakuona kitu.

Mama Shija, binti yake, alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa. Nilipojitambulisha kuwa ni wa hospitali alifuta mikono, akanikumbatia.

"Usishangae, dada. Mimi asubuhi ananiita mama yake. Mchana huu anazunguka huko kwenye maduara ya wachimbaji."

"Anachimba?"

"Achimbe wapi! Anawavua watu vyuma."

Nikamwona. Alikuwa anatoka kwenye shimo moja kwenda jingine, mwembamba, shati limefungwa vifungo kombo, na mkononi kopo la maziwa ya unga. Mchimbaji akitoka kwenye duara, amejaa vumbi jeupe, mzee anamsogezea kopo na kusema jambo kwa upole. Nao kwa utani au kwa heshima wanatia humo chochote: kisoda, msumari, kipande cha waya. Mmoja alimwamkia, "Shikamoo daktari," akatia kisoda. "Marahaba. Sasa nenda ulale mezani."

Nilimkalisha kwenye benchi la banda. Nikamwamkia, akaitikia, hakunijua. Nikatoa bahasha, nikaiweka mapajani pake.

Aliitoa filamu kwa kingo. Hilo halikuwa limeondoka. Filamu ilikuwa na mikwaruzo ya miguu ya watu, lakini aliishika kama imetoka kwenye dawa sasa hivi. Akaiinua juani, na uso wake ukabadilika mbele yangu. Ukawa uso wa zamani, wa kazini.

"Nani amepiga hii?"

Akaisogeza karibu na macho.

"Hereni hizi hapa. Moja, mbili. Hii imepinda." Akanigeukia kwa hasira. "Hakumvua! Mtu wa picha gani huyu?"

"Labda alisahau," nilisema.

"Hili halisahauliki." Akaitazama tena, muda mrefu, na hasira ikamtoka taratibu. "Labda kama kichwa chake kimeanza. Ndivyo kinavyoanza, mwanangu. Mtu anaacha jambo alilolifanya miaka yote, na hajui kama ameliacha. Wenziwe nao hawajui. Mwambieni asiguse tena mashine. Msimwonee haya. Mtu wa hivi ataua mtu."

Miaka yote ile niliibeba picha nikiutafuta ugonjwa wa mama ndani yake. Ugonjwa ulikuwemo, na haukuwa wa mama.

"Na ubongo, mzee?" niliuliza. "Unauona umesinyaa?"

"Ubongo gani? Huu mfupa tu. Ubongo hauonekani bila hewa."

"Aliyepiga alisema ameuona."

Akafikiri. Inzi walitembea mkononi mwake, hakuwafukuza kwa sababu ya filamu. "Basi alikuonea huruma," alisema. Kisha akairudisha kwenye bahasha, akanipa kwa kingo, nami nikaipokea kwa kingo. "Na huyu mama, anaendeleaje?"

Nilikuwa nimeyatunza maneno ya kumwambia. Niliyapanga njiani, niliyapanga wodini, niliyapanga misani wakati wengine wanasali.

"Hajambo," nilisema. "Yuko nyumbani."

"Vizuri. Mrudishe tumpige upya. Hii haifai." Akachukua kopo lake kutoka chini ya benchi, akanitazama masikio, kushoto na kulia, kama alivyomtazama kila mtu maisha yake yote, akanisogezea.

Nikavua hereni zangu, nikazitia humo juu ya visoda.